Sifuri Mpaka Moja

Bi Mwanamkasi wa Makorora anataka ukurasa wa mikeka yake.
Nyuma ya maandishi pawe na rangi, akasema,
"lakini isiwe kama ukuta wa benki."
Akaniachia fungu la ukindu
limefungwa kwa kipande cha leso,
linanuka moshi na sufuria.

Nimekaa Barabara ya Nane, chumba cha juu,
feni inazunguka kama mtu aliyesahau neno.
Mstari wa rangi una ncha mbili tu,
sifuri huku, moja kule.
Kwenye sifuri nikaweka zambarau,
kwenye moja manjano ya binzari,
katikati nikaiachia mashine ipatanishe.

Ikapatanisha vibaya.
Pale kwenye nusu
pakatoka rangi ya mtaro wa soko la Ngamiani
baada ya mvua ya kwanza.
Mashine haikukosea. Ilipiga hesabu ya mirathi:
nyekundu kiasi kwa huyu, buluu nusu kwa yule,
kila mtu kapata haki yake
na hakuna aliyeondoka anacheka.

Nikampigia simu. Yeye akacheka.
"Kwani mimi nachanganya, mwanangu?
Zambarau ina chungu chake, manjano ina chungu chake.
Ukizitia maji mamoja
utapata ya kunawia miguu."

Basi nikaongeza vituo.
Nukta nne, damu ya mzee.
Nukta saba, chungwa,
si chungwa la Muheza, ambalo hata likiiva ni la kijani,
bali chungwa kama wanavyolijua wasiolimenya.
Umeme ukakatika hapohapo.
Nikakaa gizani na rangi tatu na nusu.

Uliporudi nikakosea herufi moja ya jina la rangi,
mashine ikanuna, haikuchora kitu.
Nikairekebisha. Nikausogeza mkeka kulia,
upana wa vidole viwili:
rangi hazikufuata.
Kumbe zimekita kwenye turubai, mkeka unapita tu juu yake,
kama mwanga wa dirishani
usiohama ukihamisha kitanda.
Na kupita ile moja, ambako sikuweka chochote,
manjano iliendelea mpaka pembeni,
ileile, haijui kwamba imekwisha.

Alhamisi akaja na mjukuu wake, Saumu,
aliyetaka kujua kama humo ndani mna mchezo wa mpira.
Bi Mwanamkasi akavaa miwani, akatazama
muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamiwa kazi.
"Nzuri," akasema.
Nikajua haijampendeza.
"Nioneshe kwa kidole. Damu ya mzee inaishia wapi?"

Kidole kikaenda, kikarudi.
Haikuishia popote. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea,
kuficha mahali kitu kinapoisha.

Akaweka ukili wake juu ya kioo.
"Hapa mkono ulisimama. Unaona?
Nikachukua ukindu mwingine.
Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa, siku hiyo,
na huyu mtoto alikuwa bado kuzaliwa."

Kwenye nukta saba nikaweka rangi mbili,
damu ya mzee na chungwa, palepale,
bila hata upenyo wa wembe kati yao.
Zikasimama zikatazamana.
Kabla ya hapo ulaini, baada ya hapo ulaini,
ila pale, ukingo.
Saumu akasema, "Bibi, pamechanika."
"Pameshonwa," akasema bibi yake.

Alinilipa nusu, iliyobaki mwezi ujao, inshallah,
pamoja na mkeka mdogo wenye kosa
ambalo alikataa kunionesha lilipo.
Ukindu ulibaki mezani siku mbili
karibu na kikombe kilichovuja.
Herufi ya M kwenye kibodi yangu
mpaka leo ni ya zambarau,
na sijui iongezwe nini ili itoke.